Tiba ya Hofu Iliyopita Kiasi
Hofu iliyopita kiasi, iwe ya mbwa, giza au vyumba vilivyofungwa, si dhambi wala upungufu wa imani. Ni maradhi yanayotibika. Mwaka 1924, mwanasaikolojia Mary Cover Jones wa Marekani alieleza alivyomtibu Peter, mtoto aliyeogopa sungura: mnyama alisogezwa kidogo kidogo huku mtoto akila chakula akipendacho, hata mwishowe akampapasa bila woga. Baadaye Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, aliwafundisha wagonjwa kwanza kulegeza mwili, ndipo waikabili hofu hatua kwa hatua. Kuikimbia daima huikuza. Kulazimishwa kwa ghafla huweza kuizidisha. Basi tusiwacheke wala kuwalaumu wenye hofu hizi: tuwaombee, na tuwasindikize kwa mtaalamu.