Kubadilisha Windows katika biro nzima: historia inatufundisha nini?

Tarehe 14 Oktoba 2025 huduma ya kawaida ya Windows 10 iliisha. Huku kwetu Masisi na Walikale tuko na biro ambazo bado zinaitumia. Wengine wanasema: "Mashini inawaka, shida iko wapi?"

Historia inajibu. Mwezi wa Machi 2017, Microsoft ilitoa marekebisho ya kuziba tundu moja la Windows. Tarehe 12 Mei, kirusi WannaCry kilipita katika tundu lile lile. Hospitali za Uingereza zikarudia karatasi na kalamu, wagonjwa wakaahirishiwa matibabu. Dawa ilikuwepo tayari. Kilichokosekana ni mpango wa kuifikisha kwa kila mashini.

Sisi watu wa kilimo tunajua: mbegu mpya haimwagwi shamba nzima siku moja. Unajaribu kipande kidogo, unaangalia. Kwa kompyuta ni vile vile. Kwanza, hesabu mashini zote: Windows 11 inaomba chipu ya usalama TPM 2.0, na nyingi za zamani hazina. Pili, nakili data kwenye diski ya nje. Tatu, jaribu mashini moja pamoja na printa. Pakua faili mara moja tu, zungusha kwa USB, juu intaneti ni bei. Na usianze kama batri haijajaa. Mashini isiyofaa, itoe kwenye intaneti.

Ndani mle kuna kilo za mkulima ambaye bado hajalipwa. Zikipotea, atamuuliza nani?