Jiwe Lakaguliwa, na Mtoto Je?

Gunia la kasiteriti lipitalo njia ya halali huko Walikale halifiki sokoni hivi hivi. Kasiteriti ni lile jiwe zito litoalo bati. Gunia lake hupimwa uzito, hufungwa, hutiwa kibandiko chenye namba, na namba hiyo huandikwa katika daftari. Watu huuliza: limetoka shimo gani? Nani amelichimba? Nani amelichukua?

Haya, na mtoto wa miaka mitatu, ambaye mama yake huondoka alfajiri kwenda kuwauzia wachimbaji chakula, nani huandika habari zake? Nani huuliza ameshinda wapi, amekunywa maji gani, ameangaliwa na nani? Hilo ndilo swali letu. Tutalitafutia jibu katika historia, maana si swali jipya, na wengine walijibu kabla yetu, wengine vizuri, wengine vibaya.

MAMBO YA BISIE

Bisie ni kilima katika misitu ya Walikale, Kivu ya Kaskazini. Mawe ya bati yaligunduliwa huko mwaka 2002. Habari ikaenea upesi, na watu wakamiminika kutoka Masisi, Goma, Bukavu na hata Kisangani. Kilima ambacho kilikuwa pori tupu kikapata vibanda, maduka na vilabu vya pombe, na siku za wingi walikuwapo zaidi ya watu elfu kumi. Barabara ya gari haikuwapo. Wapagazi walibeba magunia ya kilo 50 mgongoni, wakatembea msituni siku nzima au mbili mpaka Njingala. Kutoka huko mawe yalikwenda Kilambo, mahali ambapo ndege zilitua juu ya barabara ya lami yenyewe.

Penye mali ya namna hiyo, wenye bunduki hawakosekani. Tangu 2006 mpaka 2009 machimbo yalikuwa mikononi mwa askari wa brigedi ya 85, nao walitoza ushuru kwa kila mtu na kila mzigo. Mwaka 2010 Mdenmark mmoja, Frank Piasecki Poulsen, alitoa filamu aliyoipiga huko Bisie, na ulimwengu ukaona wavulana wakiingia katika mashimo yale.

Mwezi wa Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, na katazo hilo likaondolewa Machi 2011. Kisha, mwaka 2012, serikali ya Kongo ikaweka utaratibu mpya wa ukaguzi, kufuatana na mapatano ya nchi za Maziwa Makuu. Tume ya wakaguzi hufika machimboni, hutazama, hutoa rangi. Kijani ni ruhusa. Manjano ni kasoro zinazopewa muda wa kusahihishwa. Nyekundu ni kufungwa. Katika mambo yanayoweza kuleta rangi nyekundu, moja ni kukuta askari au waasi wakitoza watu. Jingine ni kukuta watoto wakifanya kazi mbaya za machimbo.

Basi, tusiseme kwamba mtoto alisahauliwa kabisa. Lakini angalieni vizuri. Mkaguzi alimtafuta mtoto ili ahakikishe kwamba hayumo shimoni. Akiisha kumkosa shimoni, kazi yake imekwisha. Kumbe mtoto aliyeondolewa shimoni ni lazima awe mahali fulani! Na mdogo wake, ambaye hajafika umri wa kubeba hata jiwe moja, naye yuko mahali fulani. Mahali hapo ndipo pasipokuwa na rangi.

WENGINE WALIFANYAJE?

Twende kwanza Uingereza, kwa sababu huko viwanda vilianza mapema. Mwaka 1802 Bunge lilitunga sheria ya kuwalinda watoto katika viwanda vya pamba. Sheria ilikuwa nzuri, lakini ukaguzi uliachiwa mahakimu na mapadre wa mahali, watu wasiolipwa kwa kazi hiyo, na wengi wao walikuwa marafiki wa wenye viwanda. Matokeo yake? Sheria ililala kitandani. Ilipofika 1833 wakatunga nyingine: mtoto wa chini ya miaka 9 asiajiriwe katika viwanda vingi vya nguo, na safari hii wakawekwa wakaguzi wanne wenye mshahara wa serikali, wenye amri ya kuingia kiwandani. Wanne tu kwa nchi nzima! Hata hivyo, mambo yakaanza kubadilika. Mwaka 1842 ikafuata sheria ya migodi: wanawake wote, na wavulana wa chini ya miaka 10, wasifanye kazi chini ya ardhi.

Lakini katika nchi hiyo hiyo alikuwapo mtu mmoja aliyeona mbali zaidi. Robert Owen alikuwa na kiwanda huko New Lanark, Scotland. Yeye hakuridhika kumtoa mtoto kiwandani. Mwaka 1816 alifungua shule ya watoto wadogo, hata wale waliojua kutembea tu, wacheze, waimbe na kujifunza wakati wazazi wao wako kazini. Alitambua neno hili: ukimwambia mtoto «toka hapa», yakupasa kumwonyesha pia pa kwenda.

Na Kongo je? Mwaka 1906 Kiti Kitakatifu kilipatana na serikali ya Leopold wa Pili: misheni zipewe ardhi, nazo zifungue shule, na mpango wa masomo upelekwe kwa Gavana Mkuu. Mwaka 1929 ukatoka mpango mkubwa wa shule za misheni zenye msaada wa fedha za serikali. Shule ilipokea fedha kwa sharti la kufuata mpango na kukubali kukaguliwa. Wazee wetu wanakumbuka siku ya inspekta: ua unafagiliwa, daftari zinapangwa, mwalimu anavaa shati safi. Twaweza kucheka, lakini tukumbuke kwamba hofu ile ndogo iliwafanya wengi waandike majina ya watoto kila asubuhi.

Kwa watoto wachanga, kazi ilianza katika zahanati. Huko Katanga, tangu miaka ya 1920, kampuni ya Union Minière iliwaacha wafanyakazi wake waje na wake zao kambini. Watoto wachanga walipelekwa zahanati, walipimwa uzito, walipewa chakula, na masista walishiriki kazi hiyo. Tusidanganyike: kampuni ilitaka vibarua wa kesho, nayo iliwatawala akina mama kwa ukali, hata kuwaamuru namna ya kunyonyesha. Yafaa tulikatae hilo. Lakini jambo moja tulichukue: kila mtoto alikuwa na karatasi yake, na mtoto aliyepungua uzito alijulikana.

SHERIA ZIPO

Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulikubali Mapatano ya Haki za Mtoto, na nchi yetu, iliyoitwa Zaïre siku zile, ikayathibitisha mwaka 1990. Kifungu cha 3 chasema kwamba mahali panapotunza watoto pafuate kanuni zilizowekwa, hasa juu ya usalama, afya, hesabu ya watunzaji na ustadi wao, na usimamizi ulio bora. Kifungu cha 18 chaongeza kwamba watoto wa wazazi wafanyao kazi wana haki ya kufaidi huduma za malezi. Baadaye Kongo ikatunga sheria ya kumlinda mtoto mwaka 2009. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 nayo ikaiweka shule ya watoto wadogo, wa miaka 3 mpaka 5, katika elimu ya taifa. Shule nyingi za nchi zaongozwa na Makanisa tangu mapatano ya 1977, lakini ukaguzi ulibaki kazi ya serikali. Jirani zetu pia wamejipanga: katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliyakabidhi malezi na elimu ya watoto wadogo kwa serikali za kaunti, ili msimamizi awe karibu.

Kwa nini basi ukaguzi wa jiwe una nguvu, na ule wa mtoto hauna? Sababu ni moja. Gunia lisilo na kibandiko hukosa mnunuzi wa halali, na mwenye gunia hupata hasara siku hiyo hiyo. Mtoto akishinda juani bila mtunzaji, hakuna mfanyabiashara apataye hasara. Hasara ni ya mama peke yake.

Dawa yake ni ile ya 1929: kufunga fedha na ukaguzi pamoja. Na fedha si ndoto. Uchimbaji wa Bisie sasa ni wa kampuni kubwa yenye mashine, iliyoanza kutoa bati kwa biashara mwaka 2019. Mwaka 2024 ilitoa zaidi ya tani 17,000. Sheria ya migodi ya 2018 yaamuru kwamba asilimia 15 ya ada ya madini iende kwa utawala wa mahali penye mgodi, na kampuni itoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Sehemu ya fedha hizo ingejenga na kutunza nyumba za watoto wadogo, kwa sharti kwamba kila nyumba ikaguliwe, na rangi yake ibandikwe mlangoni ili kila mzazi aione.

Mkaguzi atazame nini? Asianze na rangi ya ukuta. Atazame kama maji ni safi na choo kimefunikwa. Ahesabu watoto, kisha ahesabu watunzaji. Aulize kama mtunzaji amefundishwa kazi yake. Asome daftari la uzito na la chanjo. Akae kitako nusu saa, aone kama watoto wacheza na kuzungumza, au wamefungiwa tu kama kuku. Halafu arudi, maana ukaguzi wa mara moja ni ziara tu.

Lakini kuna fundisho la mwisho, nalo limetolewa na vita. Mwezi wa Machi 2025 waasi wa M23 waliingia Walikale. Mgodi wa Bisie ukasimamisha kazi, wafanyakazi wakaondolewa, na kazi ikaanza tena Aprili baada ya waasi kurudi nyuma. Siku kama hizo mkaguzi wa Goma hawezi kufika. Nani hubaki na watoto? Hubaki akina mama, walimu na wazee wa kijiji. Kwa hiyo kanuni za malezi zisiandikwe kwa Kifaransa cha ofisini tu. Ziandikwe kwa Kiswahili chepesi, zisomwe mbele ya wazazi wote, na kamati ya wazazi ijue kupima mtoto na kushika daftari. Mkaguzi wa serikali aje kuthibitisha kazi ambayo wenyeji wameianza.

Wazee walisema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Jiwe la Bisie litakwisha siku moja, kama mawe yote. Siku hiyo Walikale itabaki na watoto iliowalea. Je, katika kijiji chako kuna daftari lenye majina yao?