Yanayoamua bei ya kazi ya msanii mnadani

WAKULIMA wa majani chai wa Kericho na Bomet wameuzoea mnada. Majani wanayochuma hupimwa kituoni, husindikwa katika viwanda kama vile Litein, Tegat, Mogogosiek na Kapkoros, kisha sehemu kubwa ya chai hiyo hupelekwa Mombasa kuuzwa kwa anayetoa bei ya juu. Mnada huo ulianzia Nairobi mwaka wa 1956 na kuhamishiwa Mombasa mwaka wa 1969.

Uzoefu huo unamfaa pia anayetaka kuelewa soko lingine lisilojulikana sana vijijini, yaani mnada wa kazi za wasanii wa kisasa. Jijini Nairobi, Circle Art Agency iliandaa mnada wake wa kwanza wa sanaa ya Afrika Mashariki mnamo Novemba 2013.

Kabla ya kuuzwa, chai huonjwa. Waonjaji hutazama rangi, ukali na ladha, kisha huilinganisha na chai iliyouzwa juma lililotangulia. Picha haina kipimo kama hicho. Turubai na rangi za picha isiyonunuliwa na za ile inayouzwa kwa mamilioni zaweza kuwa zimetoka duka moja. Kinacholipiwa zaidi ni jina la msanii na historia ya kazi yenyewe.

Mfano ni Michael Armitage, mchoraji aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1984, ambaye huchora juu ya kitambaa cha gome la mti kutoka Uganda. Mnamo Novemba 2019, picha yake iitwayo The Conservationists, aliyoichora mwaka wa 2015, ilipigwa mnada na Sotheby's jijini New York. Ilikuwa imekadiriwa kati ya dola 50,000 na 70,000 za Marekani; iliuzwa kwa takriban dola milioni 1.5.

Mwaka huo huo kazi zake zilikuwa zimeonyeshwa katika maonyesho ya kimataifa ya Venice, na mwezi mmoja kabla ya mnada zikapata nafasi katika jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York. Kazi za msanii zinapokubaliwa na majumba kama hayo, wanunuzi huongezeka. Mnadani, watu wawili tu wanaoitaka picha moja wanatosha kuipandisha bei.

Jambo la pili ni uhaba. Edward Saidi Tingatinga wa Tanzania alianza kuchora jijini Dar es Salaam karibu mwaka wa 1968, akafariki mwaka wa 1972. Kazi za mkono wake ni chache, ilhali waliofuata mtindo wake ni wengi mno. Kwa hivyo mnunuzi hutaka kwanza ushahidi kwamba picha ni yake halisi. Stakabadhi ya ununuzi, barua ya msanii au kijitabu cha maonyesho huwa na uzito mkubwa katika suala hilo.

Jambo la tatu ni hali ya kazi. Katika maeneo yenye mvua nyingi kama Kericho, unyevu huleta ukungu kwenye turubai na karatasi. Moshi na jua kali pia huharibu rangi, na picha iliyoharibika hushuka thamani hata kama jina la msanii ni kubwa.

Nne ni bei ya chini iliyowekwa na muuzaji. Mnamo Julai 2021, chai ya viwanda vya wakulima wadogo iliwekewa bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo. Kiasi kikubwa kilikosa wanunuzi na kurundikana katika maghala ya Mombasa, hadi kiwango hicho kilipoondolewa mwaka wa 2024. Picha pia inapokosa mnunuzi hurudi kwa mwenyewe, na ikipelekwa tena mnadani upesi, wanunuzi huitilia shaka.

Tofauti kubwa iko kwenye malipo. Mkulima hulipwa kwanza kwa kilo, kisha husubiri bonasi baada ya hesabu za mwaka. Msanii aliyeuza picha yake kwa bei ya kutupa hakuwa na bonasi: faida ya mnadani ilikwenda kwa aliyeinunua mapema.

Marekebisho ya sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2019 yalimpa msanii asilimia tano ya bei halisi kazi yake inapouzwa tena kibiashara. Sheria ya taifa ya Marekani haina haki kama hiyo.

Kwa sababu hiyo, msanii chipukizi hana budi kutia sahihi na tarehe kila kazi, kuipiga picha na kuandika jina la mnunuzi. Kumbukumbu hizo ndizo zitakazomwezesha kudai haki yake siku nyundo ya mnada itakapogongwa.