Georgia Tom, mpiga bluzi aliyetuletea muziki wa injili

Wadau, kila mwimbaji wa injili akitoa wimbo wenye mdundo kama wa Bongo Fleva, huzuka ule ubishi wetu: eti kaingiza disko kanisani. Sijui wabishi hao wangemwambia nini Thomas Dorsey.

Huyu bwana alizaliwa mwaka 1899 Villa Rica, jimbo la Georgia, Marekani. Baba mhubiri, mama mpiga kinanda wa kanisa. Kijana lakini alivutwa na kumbi za starehe, akahamia Chicago na kuwa mpiga piano wa Ma Rainey, malkia wa bluzi. Jina la kazi: Georgia Tom. Mwaka 1928 yeye na mpiga gitaa Tampa Red walirekodi "It's Tight Like That", wimbo wa mafumbo ya chumbani (tusiutafsiri hapa), ukauzika kama njugu.

Miaka hiyohiyo alikuwa akitunga nyimbo za dini na kuzipeleka makanisani. Alitimuliwa mara nyingi tu. Maneno hayakuwa na kasoro. Tatizo lilikuwa ile piano. Makanisa makubwa ya watu weusi wa Chicago yalitaka kwaya tulivu, za Kizungu, na huyu alipiga kama yuko kilabuni. Kwa hiyo akabaki na mguu mmoja huku, mmoja kule.

Agosti 1932 alikuwa St. Louis kwa kazi ya uimbaji akaletewa telegramu: mkewe, Nettie, amefariki akijifungua. Akakimbia nyumbani. Mtoto naye akafa. Siku chache baadaye, akiwa kwenye piano, akachukua tuni ya tenzi la zamani, akaivuta kwa ule mkono wake wa bluzi, na ukazaliwa "Take My Hand, Precious Lord".

Baada ya hapo bluzi akaiacha. Akaongoza kwaya ya Pilgrim Baptist, Chicago, kwa miongo minne, na akazunguka na binti mmoja mwenye sauti nzito, Mahalia Jackson.

Jioni ya tarehe 4 Aprili 1968, Memphis, Martin Luther King alimwomba mwanamuziki Ben Branch aupige wimbo huo usiku ule. Muda mfupi baadaye akapigwa risasi. Mazishini aliuimba Mahalia.

Dorsey alifariki mwaka 1993, akiwa na miaka 93. Hadi uzeeni hakuwahi kumwonea haya Georgia Tom.