Safu ya Lugha: "Mangi"

Juzi nilikuwa nanunua vocha kwenye duka moja la Rau, Moshi, mtoto akaja mbio.

"Shikamoo Mangi. Nipe unga nusu."

"Marahaba. Sembe au dona?"

"Sembe. Mama amesema atapita jioni."

"Mwambie daftari limejaa."

Mwenye duka akasema hivyo huku anapima.

Hakuna aliyetamka neno deni. Waandishi wengi wa hadithi hapo ndipo tunapokwama: wahusika wetu huelezana kila kitu, kisha tunabandika juu yake "alisema kwa masikitiko".

Ila kilichonishika ni hilo "Mangi". Kwa Kichagga ni mtawala. Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa na Wajerumani Machi 1900. Thomas Marealle akawa Mangi Mkuu mwaka 1952. Leo, mpaka Dar es Salaam, mangi ni mwenye duka la mtaani, hata kama si Mchagga. (Wapo Wapare wanaolipokea jina hilo kwa kukunja uso.)

Kwa hiyo ukilitia kinywani mwa mhusika, jua anataka nini. Anayeomba kukopa ataanza na "Mangi wangu". Akinyimwa, utasikia: "We jamaa vipi?" Cheo kimeshavuliwa, na msimulizi hajatia neno.

Yule mtoto alipofika barabarani aligeuka. "Asante, Mangi!" Mwenye duka hakuinua kichwa, alikuwa anatafuta nafasi kwenye daftari.