Mgeni Kaacha Msalaba, Mwenyeji Hana Hata Jina

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo tuupime usemi huo kwa jiwe moja lililoko Malindi, pwani ya Kenya.

Jiwe hilo ni msalaba uliochongwa kwa mawe ya chokaa kutoka Ureno. Umesimama juu ya mnara mweupe, kwenye rasi inayotazama bahari. Ni kumbukumbu ya Vasco da Gama, aliyetia nanga Malindi Aprili 1498. Mombasa alikotoka hakupatana na wenyeji. Malindi, iliyokuwa na uhasama na Mombasa, ikamkaribisha. Mfalme akampa vyakula na rubani, na mwezi Mei Wareno wakaiona pwani ya Bara Hindi.

Mjini pia lipo kanisa dogo la kale lenye makaburi uani. Padri Francis Xavier alipopita Malindi mwaka 1542, aliandika kwamba Wareno walikuwa wamesimamisha karibu na mji msalaba mkubwa wa mawe, uliopakwa dhahabu.

Msikilizaji wa Masanze au Mikumi ataniuliza: mimi msalaba wa Malindi unanihusu nini? Unakuhusu, ndugu yangu. Njia ilipokwisha kujulikana, Wareno walirudi na mizinga. Mwaka 1505 waliiteka Kilwa yetu na kuiteketeza Mombasa. Mwaka 1593 wakaanza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa, wakamhamishia huko mfalme wa Malindi, rafiki yao. Malindi yenyewe ikafifia. Mgeni alikuja, lakini mwenyeji hakupona.

Na yule rubani? Wareno walimwandika “Malemo Kana”. Hilo si jina, ni cheo: “Malemo” ni mwalimu, yaani bingwa wa njia za bahari. Wengi wamedai alikuwa Ahmad ibn Majid, mwanazuoni mashuhuri wa Uarabuni, lakini wanahistoria wengi sasa wanalikataa dai hilo.

Sisemi msalaba ubomolewe. Jiwe halina kosa, na historia haifutwi kwa nyundo. Ninachosema ni kwamba tunapowapeleka watoto wetu kuutazama, tusiishie kwa nahodha aliyeuleta. Tuwaambie kwamba alivushwa bahari na mwalimu, ambaye hakuna aliyemchongea jiwe.