Pamba, Ushirika na Umri wa Duka Bariadi

Tukiuliza kwa nini biashara ndogo za Bariadi hazidumu, hukimbilia kumlaumu mwenye duka: hana elimu, hatunzi hesabu. Mimi nadai kwamba historia ina jibu zito zaidi. Katika nchi ya pamba, fedha huja kwa msimu. Mwenye duka hukopesha akingoja mkulima alipwe. Mnunuzi wa pamba akiyumba, duka nalo hufa.

Mwaka 1955 wakulima wa Kanda ya Ziwa, wakiongozwa na Paul Bomani, waliunda shirikisho lao la vyama vya ushirika. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika. Sheria ya 1982 ikavirejesha. Mwaka 1994 soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Ndani ya miaka 18 utaratibu ulibadilishwa mara tatu, kila mara kwa uamuzi wa juu.

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa 2012, ulirithi mazao ya misukosuko hiyo. Semina za ujasiriamali ni njema, lakini biashara ndogo hudumu pale taasisi zinazoizunguka zinapodumu. Kabla ya kumfundisha mwenye duka kutunza daftari, tuhakikishe kwanza kwamba mkulima anayemkopesha atalipwa kwa wakati.